Mfungo wa Masikio

Wiki iliyopita nilikuwa Mantapala, kambi ya wakimbizi huku kwetu Nchelenge, nikifanya ukalimani, na nikaharibu kazi kwa makusudi. Mgeni alikuja kuwafundisha wazazi wa Kikongo juu ya watoto wenye usonji. Yeye anasema Kiingereza, mimi nageuza katika Kiswahili chetu cha ng'ambo ya ziwa, wamama wanaitikia. Tulikwenda vizuri tu mpaka alipofungua karatasi yake na kusoma kwamba watoto hawa wanapenda muziki wa taratibu, wanapenda namba, wanapenda treni. Nikanyamaza. Akadhani sikusikia, akarudia. Treni! Treni hapa Nchelenge, Mungu wangu, ambapo mtoto anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka bila kuona reli hata moja! Mama mmoja wa mstari wa mbele, amempakata binti wa miaka sita hivi anayetafuna kona ya kitenge, alikuwa ananitazama, kalamu mkononi, tayari kuandika vitu ambavyo mtoto wake anapaswa kuvipenda.

Nikamwambia, "Mama, angalia ule mutoto wako. Kile anapenda, njo kile anapenda." Basi. Mgeni akashangaa mbona maneno yake yote yale yametoka mafupi hivyo. Nikamjibu kwamba Kiswahili chetu hakina maneno mengi. Wamama wakacheka, maana walijua ni uongo.

Nilitoka pale na hasira, na haikuwa haki, kwa sababu yule mgeni ni mtu mwema aliyeacha kwao akaja kula vumbi letu. Kando ya njia palikuwa na chigayo, mashine ya kusagia mahindi, inanguruma. Moshi wa dizeli, na pumba zilizopata moto. Harufu ile niliijua. Nikasimama mpaka mwenye mashine akaniuliza kama nimeleta mahindi. Sikuleta chochote. Dada yangu Mwansa alinuka hivyo utoto wetu mzima.

Nyumba yetu ilikuwa Nchelenge, juu kidogo ya mchanga ambako wavuvi huanika chisense, dagaa wa Ziwa Mweru. Tata, yaani baba yetu, alikuwa mtu wa hapahapa. Mama alivuka kutoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Wakongo, na magunia ya samaki, akasema anakaa wiki mbili, akakaa maisha yake yote. Kwa tata tulisema Kibemba, kwa mama tulisema Kiswahili. Mwansa, aliyenizidi miaka miwili, siku nyingi hakusema chochote kati ya hivyo viwili. Alitembea kwa ncha za vidole. Ukimtazama usoni alitazama pembeni, ukimgusa kwa nyuma alipiga ukelele ambao ulisikika mpaka kwenye mitumbwi. Bukari, ugali wetu, alikula, lakini mchuzi ukigusa bukari, sahani nzima ilikwenda kwa kuku. Sisi nyumbani hatukuwa na jina la hali ile. Majirani walikuwa nayo majina, tena mengi, na sitayaandika hapa.

Kazi yangu ilikuwa kumfuata. Wasichana wengine wa umri wangu walicheza vijiwe, walichapana, walikwenda kuoga ziwani, mimi nilikuwa nyuma ya Mwansa. "Mufwate dada yako," mama aliniambia kila asubuhi kabla hata hajaniuliza kama nimelala vizuri. Nilichukia kazi ile. Nasema wazi, niliichukia, na kuna siku nilimchukia yeye.

Na alikokwenda ilikuwa mahali pamoja tu. Kwenye chigayo cha Bashi Chola, jirani yetu wa njia ya juu, kulikuwa na chumba cha injini cha matofali ya udongo. Mwansa alikaa nyuma ya chumba kile, mgongo ameubandika ukutani, pale hasa ambapo ukuta ulikuwa unatetemeka. Kelele ilikuwa kubwa hata wamama waliokuja kusaga walisemeshana kwa mikono. Yeye alifumba macho, akatabasamu. Akirudi nyumbani alikuwa mweupe kwa unga, nyusi, kope, masikio, kila kitu. Aliijua mashine ile kuliko mwenyewe. Kabla haijakwama aliinuka na kuupiga ukuta kwa kiganja. Chekeche likitoboka alipiga kelele, "Imepasuka! Imepasuka!" na Bashi Chola akizima na kufungua, kweli, chekeche limetoboka. Mzee yule hakumfukuza hata mara moja. Leo mashine ya Bashi Chola ni ya umeme, na siku ilipobadilishwa Mwansa alisikiliza dakika chache, akaondoka, hakurudi tena. Sasa ni mwanamke mzima, anatembea kila asubuhi mpaka kwenye chigayo kingine, mbali, kwa sababu kile bado kinakunywa dizeli.

Kitu cha pili alichopenda ni ugomvi. Ndiyo, ugomvi! Wanawake wakianza kutukanana kwenye pampu ya maji, Mwansa alikimbia kwa vile vidole vyake, akasimama karibu, kichwa chini, akasikiliza mpaka mwisho. Jioni tukiwa tunakula alitoa ugomvi mzima, kwa sauti zote mbili, na kikohozi cha yule mzee aliyekuja kuamua. Hapo tu ndipo alisema maneno mengi kwa mpigo. Tata alicheka mpaka bukari ikampalia. Mama alimkemea, "Nyamaza weye, mutu atakusikia!" huku anauma midomo na yeye asicheke. Kwa njia hiyo nyumba yetu ilijua mambo ya mtaa mzima.

Alichochukia ni nyimbo. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza, maana sisi watu wa ziwani tunaishi kwa kuimba. Kanisani tunaimba, msibani tunaimba, wamama wakigeuza chisense juani wanaimba. Kwaya ikianza tu, Mwansa alifunika masikio. Ubeti wa pili, alipiga ukelele. Ubeti wa tatu, aling'ata aliye karibu. Alimng'ata kiongozi wa kwaya mbele ya wageni, na tangu siku ile mimi na yeye tulikaa nje, mbali na madirisha, nami nikakosa kila kitu kilichogawiwa watoto ndani.

Halafu akaja Feza. Mama yake alikuwa rafiki wa mama yangu, mfanyabiashara wa samaki kutoka Pweto, ng'ambo vilevile, aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Feza alilingana na Mwansa kwa umri. Siku ya kwanza walipokutana uani kwetu, nilishtuka. Vidole vilevile. Macho pembeni vilevile. Nikamgusa begani kwa nyuma ili nijaribu, na ukelele ukatoka uleule.

"Eh Mama Mwansa, ona!" Mama Feza alipiga makofi. "Bale batoto ni bamoja! Bamoja kabisa!"

Mama yangu akalia. Alikuwa na machozi na kicheko pamoja, anamshika rafiki yake mikono. "Mi nilizani ni wangu tu," alisema. "Miaka yote hii, nilizani ni wangu tu." Leo naielewa furaha ile, na sitamlaumu mtu yeyote kwa kuwa nayo. Ukikaa peke yako muda mrefu, unataka sana wenzako wawe sawasawa na wewe.

Lakini Feza aliimba. Aliimba tangu anaamka mpaka analala, nyimbo za kanisa za Kiswahili, za Kilingala, za Kifaransa, kwa sauti safi hata wavuvi walisimamisha kazi. Alipokuwa mdogo hakusema kabisa, mama yake alitusimulia, mpaka alipoanza kuomba vitu kwa nyimbo. Akitaka maji, aliimba kipande chenye maji. Akitaka kulala, aliimba kipande cha pumziko. Kutoka hapo maneno yakafunguka. Na injini je? Aa! Kupita karibu na chigayo ilibidi mama yake ambebe mgongoni, amefunikwa kitenge mpaka kichwani, na bado alitapika. Watoto hawa wawili, waliokuwa "bamoja kabisa", hawakucheza pamoja hata dakika tano. Mwansa alimkimbia Feza kwa sababu ya nyimbo, Feza alimkimbia Mwansa kwa sababu Mwansa alipenda kunguruma kwa koo.

Wakubwa wote waliliona hilo kwa macho yao. Hawakulitaka. Walishika neno moja tu, kwamba Feza alifunguliwa na wimbo. Basi Mwansa pia ana wimbo wake, umejificha mahali, utafutwe. Bibi yangu, mama yake tata, alimwambia mama pembeni kwamba hizo ni ngulu, mizimu inayompanda mtu, na kila ngulu ina ngoma yake, wapigaji wanajaribu moja moja mpaka mguu wa mgonjwa uitikie. Wamama wa maombi wangezimia kusikia neno ngulu. Wao walisema tuimbe usiku na mchana mpaka Bwana afungue. Waligombana juu ya nani aimbe, ngoma au kwaya. Kwamba dawa ni wimbo, hapo hakuna aliyebisha.

Na mimi niliamini zaidi yao wote. Kwa akili yangu ya mtoto niliona wimbo kama kitu kilichokaa ndani ya Mwansa, na kwa kuwa yeye na Feza ni bamoja, basi ni wimbo uleule wa Feza, na kwa kuwa hautoki, basi Mwansa anauzuia makusudi. Kiburi! Anataka kunisumbua! Nilianza kumvizia. Akiwa anaoga namwimbia sikioni. Akiwa amekaa kimya namwimbia. Siku moja alining'ata hapa kwenye mkono, alama ipo, na nikakimbia kwa mama nikiwa na damu na furaha. "Mama, wimbo umekaribia kutoka!"

Basi ikaja habari ya Madamu. Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, ndiye aliyeileta. Kuna mwanamke wa shule atakuja kutoka upande wa mji wa Mansa. Mahali fulani limefunguliwa darasa la watoto wa namna hii, la kulala hukohuko, lenye walimu waliosomea, na nafasi ziko chache. Atakuja siku ya posho, ndivyo tulivyoita Jumamosi, awaangalie Feza na Mwansa. Ataleta na kinanda cha kaseti, Mama Pasta alisema, kwa sababu watoto hawa wanajulikana kwa kupenda muziki.

Sijawahi kumwona mama vile. Shule ilikuwa imemkataa Mwansa mara mbili mlangoni, mara ya pili bila hata kumwuliza jina. Usiku ule alimwambia tata, "Nataka ajue kuandika jina yake. Na nataka bantu wengine bamujue. Siku nikikufa, nani atamujua?" Mimi nilikuwa nimelala pembeni, macho wazi. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa mimi.

Wamama wa maombi wakakaa uani kwetu kufikiri. Mtoto anayeng'ata watu kwa sababu ya nyimbo, atazipendaje kabla ya Jumamosi? Mama Pasta, mtu asiyekosa mpango, ndiye aliyetoa shauri.

"Masikio yake imeshiba," alisema. "Kila siku chigayo, chigayo, chigayo. Imeshiba ile kelele, wimbo itaingilia wapi? Tuyafungishe. Siku sita, hakuna chigayo. Siku ya posho muziki ikilia, atakuwa na njaa yake."

Usicheke. Pale hakuna aliyecheka. Nyumba zetu zote zilikuwa nyumba za kufunga na kuomba, kila mama pale alijua utamu wa bukari baridi baada ya siku tatu za maji. Shauri lilikuwa na maana kabisa. Mama yangu akauliza jambo moja tu, kama na yeye anaweza kufunga chakula siku hizo, ili mtoto asifunge peke yake. Wakamkubalia. Kisha wakaniangalia mimi, maana nani mwingine? Nikawekwa mlinzi wa mfungo wa masikio.

Siku ya kwanza Mwansa alikwenda mlangoni, nikamrudisha, akaenda, nikamrudisha. Baada ya hapo nilifunga kifundo cha mkono wake na changu kwa kamba ya nyavu. Siku ya pili alikaa pembeni akanguruma kwa koo, chini kabisa, sauti ya mashine. Mama Pasta alipita kuangalia, akasema hiyo nayo ni kula. Nikaambiwa nimfunge mdomo kwa mkono. Nikamfunga. Siku ya tatu alikataa chakula. Tuliokuwa tunakula watatu tukabaki wawili, mimi na tata, na tata hakusema neno, aliinuka akaenda kwenye nyavu zake. Ningependa kumsamehe tata kwa ukimya ule. Bado sijafika.

Siku ya nne alianza kugonga kichwa ukutani. Hakugonga kwa hasira. Aligonga paji la uso polepole, anasogea hatua, anagonga tena, anasogea, akauzunguka chumba chote. Nilidhani amepata wazimu. Leo najua alikuwa anatafuta ukuta unaotetemeka. Kwetu haukuwepo.

"Mama, anaumia," nikasema.

Mama alikuwa amelala mkekani, midomo imekauka kwa kufunga. "Bado siku mbili," alisema. "Bado siku mbili tu, mwanangu."

Ijumaa wanawake wawili walitukanana kwenye pampu, ugomvi mzuri sana, wa mume na wa nywele, wenye kila kitu. Tulisikia kila neno kutoka ndani. Mwansa hakuinua kichwa. Hapo niliogopa kweli. Lakini sikukata kamba, na nitasema kwa nini. Mwansa akienda shule ya kulala, mimi niko huru. Ningecheza vijiwe. Nilikuwa naomba kwa nguvu kuliko wamama wote wa maombi, na ombi langu lilikuwa aondoke.

Jumamosi tulikusanyika kwenye ua wa kanisa. Madamu alikuwa msichana mwenye viatu vya vumbi na sauti ya upole, amechoka na njia. Alikaa kwenye benchi, akaweka kinanda cha kaseti kwenye kiti. Feza akaitwa kwanza. Muziki ukalia, kitu cha polepole kisicho na maneno, kama kengele ndogo ndogo. Feza akasogea mpaka karibu kabisa, akasikiliza kidogo, akaanza kuimba juu yake, sauti imeingia mahali pake bila kukosea. Wamama wakapiga vigelegele. Madamu alitabasamu kwa uso mzima, akaandika.

Kisha Mwansa. Tulikuwa tumemwogesha na kumpaka mafuta, na mama alimfunga kitambaa kizuri kichwani, chini mpaka kwenye nyusi, kuficha paji lililovimba. Muziki ukalia. Mwansa akafunika masikio. Madamu akabadilisha kaseti. Mwansa akapiga ukelele. Madamu akapunguza sauti, akamgeukia mama, akamwuliza jambo kwa Kibemba. Mama alimtazama tu, akatikisa kichwa kama asiyesikia lugha. Alikuwa na Kibemba cha sokoni, kilichotosha samaki na chumvi, na niliona kwamba woga umekifukuza chote.

Basi Madamu akanigeukia mimi. Alichuchumaa kabisa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Wameniambia wewe uko naye kila siku," alisema. "Niambie, dada yako anapenda nini?"

Katika maisha yote ya Mwansa mpaka siku ile, hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu najua kutembea! Ningesema, anapenda chigayo, anajua chekeche likitoboka, anajua mashine ikitaka kukwama, anapenda watu wakigombana na atakurudishia ugomvi wote bila kupoteza neno. Lakini nikakumbuka unga kwenye nyusi zake, nikakumbuka watoto wa njia ya juu wanavyotuita, nikaona wamama wote wananitazama, na Mama Pasta ananitolea macho. Chigayo! Nani anapenda chigayo? Niliona haya mpaka miguuni.

"Nyimbo," nikasema. "Anapenda nyimbo sana."

Madamu akapumua kwa nafuu. Alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya baada ya jibu langu: aliongeza sauti. Mwansa akakishika kinanda kwa mikono miwili, akakipiga chini kwenye jiwe la mlango. Madamu aliponyoosha mkono kukiokota, akamng'ata.

Hakukasirika, yule msichana. Ningependa angekasirika. Alifunga mkono wake kwa leso, akaandika muda mrefu, kisha akamweleza mama taratibu, mimi nikigeuza katika Kiswahili. Watoto wa namna hii muziki huwavuta. Huyu wa pili dada yake amethibitisha kwamba anapenda nyimbo, na bado amevunja na kung'ata, kwa hiyo tatizo lake ni jingine, ni la malezi. Darasa hili halimfai. Niligeuza kila neno sawasawa, hata neno malezi. Ulikuwa ukalimani wangu wa kwanza.

Feza alienda. Alirudi likizo akiwa anasoma, leo anaandika barua nzuri kuliko zangu, na nafurahi kwa ajili yake, kabisa, na bado inaniuma. Mwansa hajui herufi hata moja. Watu wa karatasi, wageni kama yule wa wiki iliyopita, wananiuliza siku hizi, kwa kuwa nina ndugu wa hali hiyo, kama ni kweli watu hawa wanapenda vitu vinavyofanana. Nimewajua wengi sasa. Mantapala kuna kijana anayependa pampu za baiskeli, kuna mama mzima anayependa kusuka nywele, kuna mmoja ambaye hapendi kitu chochote zaidi ya wewe unavyopenda chai. Labda wanafanana katika kupenda kitu bila kukichoka, na hata hilo naogopa kulisema, mtu asije akaliandika. Sisi wa ziwani karibu wote tunapenda rumba, na hakuna aliyekuja kutupima kwayo ili atupe shule!

Siku ile watu walipotawanyika, mama alifungua kile kitambaa na kuliona paji la Mwansa kwenye mwanga. Sijui kama siku zote zile alikuwa ameliona.  Alianza kutembea, na nguo zake za kanisa, na njaa yake ya siku sita, na Mwansa nyuma yake kwa ncha za vidole, nami nyuma ya Mwansa. Tulipita nyumba yetu bila kusimama. Kwa Bashi Chola kulikuwa na foleni ya Jumamosi, ndoo na mabeseni mpaka njiani. Wamama walitupisha. Mwansa alikwenda moja kwa moja nyuma ya chumba cha injini, akaubandika mgongo ukutani, na mwili wake wote ukatetemeka, ukatetemeka sana, kisha taratibu ukatulia, na macho yakafumba. Mama akakaa chini, kando yake, vumbini, na yeye akauweka mgongo kwenye ukuta. Unga ukaanza kuwashukia wote wawili.

Mimi nilisimama mbele yao, sikujua niweke wapi mikono. Tulikaa hivyo mpaka Bashi Chola alipozima mashine kuongeza mafuta, na ukimya ukaja mkubwa.

"Juu ya nini ulimwambia nyimbo?" mama akauliza. Hakunitazama.

"Niliona haya, mama."

Akapangusa unga magotini, mara moja, mara ya pili, ingawa ulikuwa hautoki.

"Mi njo aliniuliza wa kwanza," alisema. "Kile Kibemba nilikisikia muzuri. Nikakuachia weye."

Nilitaka kumwuliza kwa nini, nilifungua mdomo, lakini Bashi Chola alikuwa ameshazungusha mkono wa injini, na mashine ikawaka.